Kapling Iliyokufa Mara Mbili

Hapa Tassia, Nairobi, nina sifa moja tu, na si nzuri. Watu wa ploti wanasema mimi huua vitu. Birika likitoboka silitupi hivi hivi, nalipiga nyundo kwanza mpaka liwe chapati. Redio ikifa naipasua. Mwaka jana mama wa chini alinikuta uani nikiponda pasi ya umeme iliyoungua, akaniuliza, "Baba, hiyo pasi ilikukosea nini?" Nikamwambia haijanikosea, ila sitaki irudi. Akaenda kuwaambia wengine kwamba jeshi liliniharibu kichwa. Kichwa kiko sawa. Kilichoharibika ni mguu wa kushoto, na waliouharibu nawajua wote, tena mmoja wao ni mimi.

Majina sitaandika. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu wanaosoma na wangu, na mmoja siku hizi ni mzee wa kanisa na anaweza kuniombea mabaya. Nitataja vyeo. Waliokuwa kwenye karakana ile ya jeshi watajua nani ni nani.

Nilizaliwa Ziwani, kwenye chumba kimoja cha nyumba za kaunsili. Baba alikuwa Mkamba mchonga vinyago. Banda zima lilichonga twiga yule yule, shingo ile ile, macho yale yale ya kushangaa, kwa hivyo kila mchongaji alikuwa na alama yake ya siri. Ya baba ilikuwa mikato mitatu midogo chini ya ukwato wa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kusugua msasa, na kabla ya msasa, kupitisha ukucha. Baba hakuamini macho. Alisema ufa wa ndani hauonekani, unakwaruza. Ukucha ukikwama, mti unaenda motoni saa hiyo hiyo. Usiuweke kando, alikuwa akisema, maana kesho utauona mzuri.

Shule iliishia darasa la saba. Iliishia kwangu, yaani, wengine waliendelea nayo. Nikaandikishwa jeshini, nikapelekwa kambi ya ndege, na kwa miaka miwili silaha yangu ilikuwa ufagio. Halafu nikawekwa chumba cha vifaa, kutoa spana na kuzihesabu zikirudi. Halafu siku moja fundi mmoja alikuwa anachunguza kipande cha injini kwa miwani na taa, mimi nikakipitisha ukucha kwa mazoea tu nikamwambia, "Hapa pamepasuka." Walipokipaka ile dawa nyekundu inayoonyesha nyufa, ufa ukatokea pale pale kama mshipa. Ndivyo nilivyokuwa fundi. Na wenye vyeti walipokimbilia kampuni za ndege za abiria, wakubwa walitazama huku na huku, wakaniona mimi, wakanipa muhuri wa mkaguzi. Ulikuwa mdogo kama kifuniko cha soda, na namba yangu katikati. Helikopta haikuruka bila ule muhuri. Miaka ya tisini inaanza, mtoto wa mchonga twiga ndiye anaamua chuma gani kiende mbinguni na kipi kibaki.

Kulikuwa na desturi. Haikuandikwa popote, niliikuta. Helikopta ikitoka kufanyiwa kazi kubwa, aliyeipigia muhuri anapanda nayo safari ya kwanza. Huulizwi kama umekula wala kama una mke. Umetia sahihi, unapanda. Hiyo desturi ilikuwa na akili kuliko vitabu vyote vya ukaguzi, maana nimeona wanaume waliokuwa wakimaliza kazi saa nane wakiambiwa kesho wanapanda, na ghafla wanakumbuka kuna nati tatu hawakuzikaza.

Mtu mmoja tu desturi haikumgusa. Meja wetu alikuwa mhandisi mkuu, msimamizi wa usalama wa ndege zote za kambi, na alikuwa na digrii ya ng'ambo iliyotundikwa ukutani juu ya kiti chake ili ukimtazama uione nayo. Yeye pia alitia sahihi, sahihi ya mwisho, kubwa, yenye mkia. Lakini hakupanda. Alisema ana presha.

Tulikuwa na lebo za rangi tatu. Kijani, kifaa ni kizima. Manjano, kitengenezwe. Nyekundu, kimekufa. Cha nyekundu kilipaswa kupondwa kwa nyundo kubwa siku hiyo hiyo, mbele ya aliyekikataa, ili mtu asije akakitamani. Ilikuwa sheria ya baba yangu kabisa, sema tu wao waliiandika kwa Kiingereza.

Basi Ijumaa moja jioni nilikuwa nakagua mkia wa helikopta iliyovuliwa nguo zote. Mkiani kuna feni ndogo. Feni ile kubwa ya juu inaiinua helikopta, na ile ndogo ya nyuma inaizuia isizunguke kama pia. Nguvu inafika nyuma kwa shafti ndefu, na shafti zimeunganishwa na kapling, kipande cha chuma kama sahani ya kikombe cha chai. Nikapitisha ukucha. Ukakwama. Nikarudia, ukakwama pale pale. Nikaifungua, nikaandika lebo nyekundu, nikaipeleka stoo.

Sajenti wa stoo alikuwa mtu wa Kaloleni, mcheshi, aliyeweza kukuuzia kivuli chako. Alinitazama akatazama saa.

"Buda, unataka kuanza kupiga nyundo saa hii? Wenzako wameshafika Burma. Mbuzi inageuzwa."

"Lazima ipondwe."

"Si nitaiponda mimi. Ama unadhani nyundo yangu haina nguvu? Wacha hapo. Wewe enda, wakimaliza mbavu usinililie."

Kila Ijumaa karakana nzima ilikuwa inakula nyama Soko la Burma. Anayechelewa anapata shingo. Nilikuwa nimekula shingo wiki mbili mfululizo. Nikachukua tupa, sijui kwa nini, labda dhamiri ilikuwa inaniwasha, nikaikata ile kapling mikato mitatu midogo chini ya ukingo. Halafu nikaenda kula mbavu. Zilikuwa tamu, sitadanganya.

Miezi ikapita. Mvua ndefu zikaja zikaisha. Ikakaribia sikukuu ya taifa, na wakubwa walitaka helikopta tatu zipite juu ya gwaride. Tulikuwa na mbili na nusu. Ile nusu ilikuwa inangoja kapling ya mkia, na siku tano kabla ya sikukuu ikaletwa na mkandarasi, mpya, nyeusi ti, rangi bado inanukia. Ilifungwa zamu ambayo sikuwepo. Nilipofika asubuhi nilikuta kifuniko cha mkia kimesharudishwa, na Meja amesimama pale na padre wa kambi. Padre aliibariki helikopta. Maji ya baraka yalifika mkiani kabla ya ukucha wangu.

"Fundi, muhuri," Meja akasema.

"Nifungue kwanza afande, niione."

"Uone nini? Ni mpya. Hati hii hapa."

Akanipa karatasi mbele ya maofisa wanne na padre. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa, na muhuri wa buluu chini. Kiingereza changu kilikuwa cha lebo na cha namba. Nilijua *crack*, nilijua *oil*, nilijua *reject*. Karatasi nzima yenye mistari ishirini ilikuwa msitu.

"Ama kuna shida?" Meja akauliza, na sauti yake ikapanda kidogo ili wale wengine wasikie. "Unaweza kuisoma, sivyo? Ama tuite mtu wa darasa la nane akusaidie?"

Maofisa wakacheka. Padre naye akacheka, kicheko kidogo cha kipadre. Mimi nikaishika karatasi, nikaishushia macho mstari kwa mstari, taratibu, hata midomo nikaichezesha. Nilipofika chini nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nikapiga muhuri.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko lile la mbavu.

Rubani alikuwa Kapteni kijana, Mluhya aliyekulia Bahati, baba yake akifanya kazi kiwanda cha sabuni. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu wa mitaa ya Eastlands kama yeye, na kunitania ilikuwa haki yake.

"Niaje, fundi. Umeikagua vizuri hii mdudu?"

"Nimeikagua."

"Ukiniua, mama yangu atakutafuta mpaka Ukambani."

"Nitakuwa nimekufa pia, afande. Desturi."

"Hajali. Atachimba."

Tukapanda. Hatukufika mbali. Tulikuwa juu kama ghorofa ya tatu, bado ndani ya kambi, nikasikia mlio nyuma, kavu, kama mtu amevunja muwa gotini. Halafu dunia ikaanza kuzunguka. Nyumba za maofisa zikapita, karakana ikapita, nyumba za maofisa zikapita tena. Mimi nilikuwa napiga kelele kwa Kikamba. Kapteni hakupiga kelele. Alizima injini.

Nataka ieleweke vizuri, maana kila kitu kilichofuata kinasimama hapo. Mkia ukikatika, ile nguvu ya injini ndiyo inayokuzungusha. Mtu wa kawaida akiona anaanguka anaongeza moto, na akiongeza moto anazunguka zaidi mpaka ardhi impokee kichwa chini. Huyu kijana alizima, mzunguko ukapungua, akaitumia ile feni ya juu inayozunguka bure kulainisha kuanguka. Tulipiga chini kwa tumbo, tukalala upande. Yeye mbavu nne. Mimi paja, vipande vitatu. Hakuna mtu mwingine aliyeguswa, hata kuku.

Walinivuta wakanilaza kwenye nyasi wakakimbilia machela. Mkia ulikuwa umepasuka karibu na kichwa changu, na nusu ya kapling ilikuwa pale, ningeweza kuifikia. Nikaifikia. Sikuwa nafikiri, maumivu yalikuwa yamekaa mahali pa fikira. Nikapitisha kidole gumba chini ya ukingo, na chini ya rangi mpya nikagusa mkato mmoja, wa pili, wa tatu.

Ilitoka stoo kwa mlango wa nyuma ikiwa maiti, ikarudi kwa mlango wa mbele ikiwa bwana harusi. Baadaye nilisikia kwamba mkandarasi alikuwa ameoa dada ya Sajenti. Kwa hivyo hata harusi ilikuwepo.

Wiki ya pili hospitalini Meja akaja na machungwa. Mke wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Meja alimsalimia, akamtazama kama anayengoja atoke, mke wangu akachukua chungwa moja akaanza kulimenya.

"Pole, fundi," Meja akasema. "Kapling ilivunjika mlipogonga chini. Si ndivyo?"

"Ilivunjika juu, afande."

"Ulikuwa umefunga macho."

"Niliyafunga baada ya mlio."

Akavuta kiti. "Sikiliza. Kamati ya uchunguzi inakaa mwezi ujao. Kapteni alikanyaga pedali vibaya, akaibamiza chini, ndio kapling ikavunjika. Ni kijana, makosa yanatokea. Taarifa yako nimeshaiandikisha, utatia sahihi tu."

"Na nikisema ilikuwa mbovu?"

"Sema. Watakuuliza nani aliipitisha. Muhuri ni wa nani? Watakuuliza ile ya lebo nyekundu kwa nini hukuiponda. Kapteni akifukuzwa atapata kazi nyingine, ana shule. Wewe na darasa lako la saba, na mguu huo, utaenda wapi?"

Hapo nikajua kwamba alijua. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya lebo nyekundu.

Alipoondoka mke wangu alikula kipande cha chungwa. "Machachu," akasema. Akakusanya maganda kwenye leso, akaongea bila kunitazama. "Nitakuheshimu tu, usijali. Kwa sababu ya watoto. Lakini ukitia hiyo sahihi, itakuwa kazi."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi ambao Jumapili ulikuwa kanisa. Niliingia kwa magongo. Mwenyekiti alikuwa Kanali kutoka kambi nyingine, mzee mwenye masikio makubwa. Kando yake Meja na mafaili. Ukutani, kwenye benchi, Kapteni, kifua kimefungwa bendeji chini ya shati, bila kofia, anatazama viatu vyake. Walikuwa wamemzuia kuruka tangu siku ile. Kama kamati ingesema ni kosa lake, asingeshika tena usukani wa chochote chenye mabawa. Juu ya meza, kwenye kitambaa, vipande vya chuma vilivyookotwa, na kapling katikati.

Karani akaniwekea karatasi mbele. Kiingereza. Mistari kama ishirini.

"Hii ni taarifa yako," Kanali akasema. "Isome, kisha utie sahihi."

Nikaitazama. Ule msitu ule ule. Macho yangu yakaanza kushuka mstari kwa mstari yenyewe, kwa mazoea, na nikahisi midomo inataka kuanza kucheza. Nikamwona Kapteni anainua kichwa.

"Afande," nikasema, "sijui kuisoma. Naomba nisomewe kwa Kiswahili."

Meja akacheka. "Huyu ni mkaguzi, afande. Anasoma hati kila siku."

"Sisomi," nikasema. "Natazama."

Nimevunjika paja vipande vitatu, na nakuambia neno lile liliuma zaidi. Kanali akamwambia karani asome kwa Kiswahili, na karani akasoma, polepole, anatafuta maneno. Uongo ule ulikuwa umevaa suti kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ulitoka bila viatu. "Mimi niliona kwa macho yangu Kapteni akikanyaga... akikanyaga pedali kwa hofu." Karani mwenyewe alianza kuona haya.

"Sikuona hivyo na sitii sahihi," nikasema. "Hiyo kapling nimeshawahi kuiua. Igeuzeni, mkwangue rangi chini ya ukingo. Kuna mikato mitatu. Niliikata mimi mwenyewe, alama ya baba yangu. Niliipa lebo nyekundu nikamwachia Sajenti wa stoo aiponde, nikaenda kula nyama Burma. Na iliporudi niliipigia muhuri bila kuifungua. Muhuri ni wangu."

Kanali akaikwangua yeye mwenyewe, kwa kisu cha kufungulia barua. Akapitisha kidole. Halafu akaomba ile hati ya mkandarasi, akavaa miwani, akaisoma kimya kutoka juu mpaka chini. Akarudi juu.

"Meja," akasema, "hii uliisoma?"

"Bila shaka, afande. Sahihi yangu iko hapo."

"Sahihi naiona. Hati inasema hii ni kapling ya pampu ya maji."

Nilimtazama Meja usoni, na nakupa neno langu, lile lilikuwa jipya kwake. Alijua kapling ilitoka wapi. Karatasi hakuwa ameisoma. Mmoja wetu hakuweza na mwingine hakujisumbua, na tulikuwa tumeitia sahihi wote wawili, yangu ndogo kama kifuniko cha soda, yake na mkia.

Sasa hesabu ya mwisho. Kapteni alirudishiwa usukani. Mimi nilinyang'anywa muhuri, nikaondolewa jeshini kwa sababu ya mguu, hivyo ndivyo barua ilivyosema. Sajenti alihamishiwa stoo ya blanketi kaskazini, ambako nasikia blanketi nazo zilianza kufa na kufufuka. Meja alipandishwa. Walimtoa karakana wakamweka ofisi kubwa inayotunga kanuni za usalama wa ndege, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kanuni mpya, kwamba kila kifaa cha lebo nyekundu kipondwe mbele ya mashahidi wawili. Ni kanuni nzuri. Ninaifuata mpaka leo, muulize mama wa chini.

Kapteni alikuja mara moja Ziwani, nilikokuwa nimerudi kuishi, Jumamosi mchana, na nyama ya Burma kwenye gazeti. Mke wangu akaikata, akaleta chumvi na kachumbari, akatoka nje akatuacha. Tulikula. Alinishukuru, kwa adabu, kama mtu anayelipia tikiti.

Halafu akasema, "Fundi, ile asubuhi nilikuwa mita kumi kutoka kwako. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nakunywa chai."

"Nilikuona."

"Ungeniita. Ningekusomea. Ilikuwa dakika mbili."

Nikamsogezea ubavu mkubwa, nikamwambia ale, mafuta yanaganda.